Taka za Atomiki na Kazi ya Mfinyanzi

Vijana wa madrasa yetu hapa Arusha wametuuliza swali ambalo hata wazazi wao hulinong'ona: je, pale Njiro, kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki, pana taka ambazo mvua za Meru zitazichukua hadi visimani?

Ghala lipo, wala si siri. Ndimo zinamowekwa zana za mionzi zilizokwisha kazi mahospitalini na viwandani. Kobalti 60 hupungua nusu ya nguvu zake kwa miaka 5 na kidogo, siziamu 137 kwa miaka 30. Kwa vitu kama hivyo chuma, saruji na mlinzi vyafaa. Msiba huja kisipofika ghalani. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma walivunja chombo cha siziamu cha hospitali iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga wenye kung'aa. Watu wakagawana, wakajipaka, na 4 wakafa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 6. Lau ingekuwa jiwe, isingalipeperuka wala kuyeyuka majini.

Hapo ndipo ilipo hoja yote. Taka kali kabisa, zile za vinu vya umeme wa atomiki, Tanzania haina; lakini walio nazo wanayo plutoniamu 239, ambayo hupungua nusu kwa miaka 24,000. Ni mlinzi gani atakesha muda huo? Wengi huziyeyusha pamoja na kioo. Ted Ringwood, bingwa wa miamba wa Australia, mwaka 1978 alitoa rai kwamba jiwe hushinda kioo, hasa penye maji ya moto. Akafanya kama mfinyanzi: akachanganya taka za mfano na oksidi za titaniamu, akazikandamiza motoni nyuzi zipatazo 1,200, zikawa jiwe aliloliita Synroc. Humo taka haikai kama mchele guniani. Huwa sehemu ya jiwe lenyewe.

Watu wa Meru wanayo mithali yake vinywani. Floridi ya maji yetu huingia katika jino la mtoto lingali likijengwa, ikawa sehemu ya madini yake yaitwayo apataiti, na mswaki hauwezi kuitoa. Na kule Minjingu, njia ya Babati, mifupa ya kale ya ndege na samaki, nayo apataiti, imeshika urani hata leo, nasi twaichimba kwa mbolea.

Viwanda vingi vingali vikitumia kioo, nasi hatusemi jiwe halina ila: mionzi iliyo ndani hulivuruga polepole. Lakini kijana aokotaye vyuma Arusha, akiona chombo kizito chenye alama ya mapanga matatu, asikifungue. Akiache hapo hapo, akawaite polisi.