Gari likikosa nguvu, pampu isihukumiwe kabla ya kupimwa

GARI linapopanda mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, kisha likakosa kuitika dereva anapokanyaga mafuta ili alipite lori, huwaweka hatarini waliomo na wanaokuja upande wa pili. Wengi hukimbilia kubadilisha plagi, kisha injekta, na mwisho pampu, huku pesa zikiteketea na hitilafu ikibakia pale pale. Chanzo huenda kikawa shinikizo la mafuta lililoshuka, na shinikizo hupimwa, halikisiwi.

Katika magari mengi ya petroli yenye injekta, pampu iliyozama ndani ya tangi husukuma mafuta kupitia chujio hadi kwenye injekta, nacho kidhibiti huhakikisha shinikizo halipotoki kutoka kiwango cha mtengenezaji. Kwa magari mengi ya Japani kiwango hicho huwa kati ya PSI 40 na 50. Likishuka, injini hupata hewa nyingi kuliko petroli: huchelewa kuwaka, hukohoa, na hulegea zaidi inapolemewa na mzigo. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari huenda ikatoa msimbo P0171, ambao baadhi ya mafundi huuchukulia kuwa hukumu dhidi ya kihisi cha oksijeni. Msimbo huo husema tu kwamba mafuta ni haba kuliko hewa. Hausemi kwa nini.

Uchunguzi huanza kwa sikio. Ufunguo unapozungushwa bila kuwasha injini, pampu ya magari mengi hunguruma kwa takriban sekunde 2. Isiposikika, fyuzi na rilei zikaguliwe kabla ya kiti cha nyuma kung'olewa. Ikisikika, huo si uthibitisho kuwa ni nzima, kwani hata pampu iliyochoka hunguruma.

Hapo ndipo geji huunganishwa. Kwanza shinikizo lililomo kwenye mabomba huondolewa: fyuzi ya pampu hutolewa, injini ikawashwa hadi izime yenyewe, kisha waya hasi wa betri ukafunguliwa. Kazi hii hufanyiwa mahali penye hewa, kizimamoto kikiwa karibu na sigara ikiwa mbali. Geji ikishakazwa, fyuzi na waya hurudishwa.

Katika gari lenye mpira wa kurudisha petroli kwenye tangi, fundi huubana mpira huo kwa muda mfupi mno. Shinikizo likipanda ghafla, pampu ina nguvu na kidhibiti ndicho kibovu. Lisipopanda, mkosaji ni chujio lililoziba, pampu yenyewe, au umeme. Umeme hupuuzwa sana. Volti zinazofika kwenye pampu zinapaswa kukaribia zile za betri. Waya wenye kutu huifanya pampu mpya iwe dhaifu kama iliyotupwa.

Magari ambayo injekta zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda yana pampu ya pili, yenye shinikizo linaloweza kufika maelfu ya PSI. Geji ya kawaida haifai huko, wala bomba lake halifunguliwi kando ya barabara.

Zoea la kuendesha gari tangi likikaribia kukauka huiumiza pampu, maana petroli ndiyo huipoza. Aidha, katika magari mengi chujio limo tangini pamoja nayo. Pampu mpya ikifungwa na chujio kuukuu, hulazimika kusukuma dhidi ya uchafu ule ule. Mwenye gari anayelipia pampu ana haki ya kuonyeshwa kipimo cha geji kabla ya kazi na baada yake.