Sahihisha Nota, Usifute Mkono wa Mpigaji

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako au katika kwaya yako kimo kinanda cha umeme cha aina ile inayorekodi yenyewe, bila shaka umekwisha kuona jinsi jioni nzima inavyoweza kupotea kwa ajili ya nota moja. Besi imekaa vizuri, ngoma zimekaa, kisha katika kipimo cha ishirini na tatu kidole kimoja kikateleza. Mpigaji asiyeijua mashine yake hufuta yote akaanza upya. Anayeijua nusunusu hufanya jambo baya zaidi: hutoa amri ya kunyoosha mapigo, wimbo mzima ukanyooka kama mstari wa rula, na ile raha iliyokuwamo ikatoweka. Makala haya ni ya watu hao wawili.

Vinanda vya namna hii vilipata umaarufu mkubwa kupitia Korg M1, kilichotoka Japani mwaka 1988 kikiwa na traki nane, yaani nafasi nane za kurekodia ala mbalimbali juu ya wimbo mmoja. Mwaka 1999 kiwanda hichohicho kilitoa Triton, chenye traki 16. Triton kimekwisha kuacha kutengenezwa, lakini nitakitumia hapa kuwa mfano, kwa kuwa desturi zake utazikuta, pengine kwa majina mengine, katika vinanda vingi vilivyokifuata.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kile chombo cha kurekodia kilichomo ndani ya kinanda, kiitwacho sikwensa, hakirekodi sauti. Kinarekodi vitendo. Ni mfano wa karani wa mkutano: haweki koo la msemaji katika daftari, bali huandika nani alisema nini na saa ngapi. Sikwensa nayo huandika kibonye gani kilibonyezwa, wakati gani, kwa nguvu kiasi gani, na kiliachiwa lini. Lugha ya maandishi hayo ni MIDI, ambayo watengenezaji wa ala walikubaliana kuitumia mwaka 1983. Katika lugha hiyo kila nota ina namba kati ya 0 na 127, na do ya kati ni 60. Nguvu ya kidole nayo hupimwa kutoka 1 hadi 127. Ndiyo sababu waweza kurekodi kwa sauti ya tarumbeta leo, na kesho ukaigeuza kuwa fidla bila kupiga upya hata nota moja.

Basi, ikiwa kilichohifadhiwa ni maandishi, kosa la kidole ni kosa la herufi, na herufi moja haichomewi kitabu. Fungua orodha ya matukio ya traki ile, nenda kwenye kipimo cha ishirini na tatu, nawe utaiona nota iliyoteleza ikiwa na mstari wake peke yake. Ibadilishe jina. Ikiwa ilipigwa kwa nguvu mno, mathalani 120 katikati ya wenzake wenye 80, ishushe. Ikiwa ilichelewa, isogeze. Katika Triton kila robo nota imegawanywa vipande 192, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila kipande hakifikii elfu tatu za sekunde. Ufundi wa saa huo! Mara nyingi kazi yote haizidi dakika mbili.

Sasa tuje kwenye amri ya kunyoosha, ambayo mafundi huiita kwantaizi. Amri hii huishika kila nota na kuivuta hadi kwenye mstari ulio karibu nayo. Hapo ndipo nyimbo zetu nyingi huharibikia. Chukua wimbo wa pwani wenye mwendo wa chakacha, ambamo pigo kubwa moja hugawanyika sehemu tatu zilizo sawa. Katika hesabu ya vipande 192, nota tatu hizo hukaa kwenye 0, 64 na 128. Lakini mpigaji akichagua mistari ya kugawa pigo kwa nne, mistari itakuwa kwenye 0, 48, 96 na 144. Nota ya pili itavutwa kurudi 48, na ya tatu itasukumwa mbele hadi 144. Nota zilizokuwa na nafasi sawa sasa zina mfupi, mrefu, mfupi. Mwimbaji atasema kinanda kinamkwaza, wala hatajua kwa nini. Dawa ni kuchagua mistari ya utatu kabla ya kutoa amri.

Hata mistari ikiwa sahihi, hapana budi kuuliza ni kiasi gani cha kunyoosha. Triton inakuruhusu kuchagua kutoka 0 hadi 100 kwa mia. Ukiweka 50, nota iliyochelewa kwa vipande 20 itabaki imechelewa kwa 10: inakaribia mstari bila kupoteza mwendo wa mkono. Mimi naona ngoma na besi zaweza kunyooshwa kwa kiasi, ila traki ya sauti inayoongoza iachwe kabisa. Mpigaji stadi huchelewa kidogo kwa makusudi, nasi hulipa kiingilio kwa ajili ya kule kuchelewa.

Ikiwa kosa ni la kipimo kizima, usihangaike na orodha. Iambie mashine irekodi upya kuanzia kipimo fulani hadi fulani tu, kisha uanzishe wimbo vipimo vichache nyuma ili mkono ushike mwendo. Yaliyo kabla na baada hayataguswa.

Jihadhari pia na amri mbili zinazofanana kwa sura. Moja hufuta yaliyomo katika vipimo na kuviacha vitupu. Nyingine huviondoa vipimo vyenyewe, na vyote vilivyofuata vikasogea mbele. Ukiitumia hii ya pili kwa traki ya besi peke yake, besi itafika kwenye kiitikio kabla ya kwaya.

Ukikosea, kipo kitufe cha kulinganisha, kilichoandikwa COMPARE, kitakachokurudisha ulikokuwa. Lakini ni hatua moja tu. Kwa hiyo sikiliza baada ya kila badiliko, kabla ya kufanya la pili.

Na sikwensa ya Triton haihifadhi wimbo ukizima kinanda. Umeme ukikatika saa mbili usiku, kazi ya tangu adhuhuri imekwenda. Hifadhi wimbo kwenye diski kila baada ya traki kukamilika, kwa jina jipya kila mara, ili toleo la kabla ya kunyoosha lisifunikwe na la baadaye. Diski za inchi tatu na nusu ambazo kinanda hicho hutumia zimekuwa adimu, tena huchakaa. Weka nakala katika diski mbili, na uandike juu ya kila moja jina la wimbo na tarehe.