Umri wa Yai: Uzazi wa Mwanamke na Mipaka ya Tiba

Mwanamke huzaliwa na akiba yote ya mayai ya maisha yake. Akiwa bado tumboni mwa mama yake, wiki ya 20, ovari zake huwa na mayai yapatayo milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na anapovunja ungo ni kati ya laki 3 na laki 4 hivi. Yatakayopevuka ni 400 hadi 500 tu. Mengine hufa yenyewe mwezi baada ya mwezi, hata wakati wa ujauzito. Vidonge vya uzazi wa mpango, vinavyosingiziwa mengi, haviyamalizi mayai hayo wala haviyaokoi.

Pamoja na kupungua, mayai huzeeka. Yai huanza kugawa kromosomu zake kabla mwenyewe hajazaliwa, husimama katikati ya kazi hiyo, na huiendeleza pale tu linapopevuka. Kwa mwanamke wa miaka 40, yai limengoja miaka 40, na protini zinazoshikilia kromosomu zimechakaa. Mgawanyo huenda kombo, yai likabaki na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Mengi ya namna hiyo hayatungi mimba, na mengine hutunga mimba ikaharibika. Katika miaka ya ishirini, mwanamke ana nafasi kama 1 kati ya 4 ya kushika mimba kila mwezi. Akifika 40 ni kama 1 kati ya 20. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa Down hupanda kutoka takriban 1 kati ya 1,250 katika umri wa miaka 25 hadi 1 kati ya 100 katika miaka 40.

Mkoani Dodoma ni rahisi kudhani kwamba kutafuta mtoto katika umri mkubwa ni jambo la wanawake wa mjini: wasomi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, na watumishi walioifuata serikali ilipohamia huko, baadhi wakiwaacha waume mikoa mingine. Vijijini Chamwino, Bahi au Kongwa wasichana wengi huzaa mapema. Kitaifa, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 22 kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Lakini kuanza mapema si kinga. Maambukizi baada ya kujifungua, kisonono au klamidia isiyotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, na mama wa mtoto mmoja akamtafuta wa pili bila kumpata. Mara nyingi huanzia kwa mganga na kwenye maombi, pengine akaachika na kuolewa tena. Miaka inapita. Aliyekuwa na tatizo la mirija pekee anafika hospitali akiwa na tatizo la umri juu yake.

Hapo ndipo upandikizaji mimba, yaani kurutubisha yai nje ya mwili na kukiweka kiinitete katika mji wa mimba, unapoeleweka vibaya. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, alikuwa na mirija iliyoziba. Tiba ilibuniwa kuivuka mirija, na umri haijauvuka hadi leo. Katika vituo vya Marekani, wanawake wa chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao hufanikiwa mara 4 au zaidi kati ya 10. Waliopita 42 hawafikii 1 kati ya 10. Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha Kampala, na habari ikaenea kama muujiza. Yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Mji wa mimba huweza kupokea kiinitete miaka mingi baada ya ovari kuchoka.

Kwa hiyo aliye chini ya miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya mwaka 1 wa kujaribu bila mafanikio, aliyefikisha 35 baada ya miezi 6, na aliyetimiza 40 mara moja. Safari ya Dar es Salaam kufuata vituo vya upandikizaji imekuwa fupi tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, ila gharama ya tiba bado ni kubwa. Kabla ya yote hayo, mume apimwe mbegu. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwake pia au kwake peke yake, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote anavyofanyiwa mkewe.