Fleetwood Mac Haikuanza na Rumours
Ukisikia mtu anasema Fleetwood Mac ni bendi ya pop tu, ujue huyo ameanzia katikati. Mwaka 1967 jijini London, mpiga gitaa Peter Green aliianzisha ipige bluzi, na jina akalichukua kwa wenzake wawili: Mick Fleetwood wa dramu na John McVie wa besi. Albamu ya kwanza, 1968, ni bluzi tupu. Green akaondoka 1970, lakini hawa wawili wakakomaa. Mwishoni mwa 1974 wakaingia Wamarekani Lindsey Buckingham na Stevie Nicks; Rumours ya 1977 ikauzwa mamilioni ya nakala. Waimbaji walipishana, ila dramu na besi ni za walewale. Sikiliza albamu hizo mbili mfululizo, sikio lako liwe kwenye besi.