Lehemu Katika Damu na Mafuta ya Mimea

Leo tuache kidogo habari za mbolea na palizi, tuzungumze juu ya damu yetu.

Wako wenzetu wanaouliza: mtu akipimwa akaambiwa damu yake ina mafuta mengi, je, aache dawa, anywe mafuta ya mahindi kila asubuhi? Jibu ni hapana. Sikilizeni sababu yake.

Mafuta hayo huitwa lehemu. Nyingi hutengenezwa na ini letu wenyewe. Nyingine twaila katika nyama, mayai na samli. Ikizidi hujijenga ndani ya mishipa ya damu, kama tope katika mfereji wa shamba. Tena haiumi. Mtu aweza kulima vizuri leo, kesho akapooza upande mmoja. Hujulikana kwa kupima damu tu.

Sasa, mimea nayo ina kitu kinachofanana sana na lehemu. Wataalamu hukiita steroli. Kimo katika mahindi, alizeti, ufuta, karanga na maharage. Kikifika katika utumbo hugombea mlango mmoja na lehemu. Basi lehemu nyingine hukosa nafasi, ikatoka na choo. Mwaka 1995, huko Finland, ilianza kuuzwa majarini iliyotiwa kitu cha jamii hiyo, kilichotokana na miti ya misonobari.

Lakini tupige hesabu. Ili lehemu mbaya ipungue kama sehemu moja katika kumi, zatakiwa gramu 2 za steroli kwa siku. Chakula cha kawaida hutoa chini ya nusu gramu. Ukizitafuta zote katika mafuta ya mahindi, itakubidi unywe karibu robo lita kila siku! Hapo utakuwa umefukuza nyani, umekaribisha nguruwe: unene utakuingia.

Basi fanyeni hivi. Pikieni mafuta ya alizeti au ya mahindi, kidogo tu, badala ya samli na mafuta ya nyama. Kuleni maharage, kunde na choroko mara kwa mara. Na aliyepewa dawa na daktari asiiache. Dawa hizo huweza kupunguza lehemu mbaya kwa theluthi moja au zaidi. Chakula ni msaidizi wa dawa, si mrithi wake.

Haya ndugu, kwa leo tuishie hapo. Mpaka juma lijalo, kwaherini.