Je, wajua diski ya kiunoni hunywa maji usiku?

Soko la vitunguu la Misuna, Singida mjini, lina magunia ambayo mizani ingeyakataa. Kuli anachuchumaa kidogo, wenzake wawili wanamtwika gunia la lumbesa mgongoni, naye anaondoka kwa hatua fupi za harakaharaka kuelekea kwenye lori. Kiunoni mwake, chini ya mzigo wote ule, kuna pingili 5, kubwa kuliko nyingine zote za uti wa mgongo. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kitu ambacho kwa ndani kinafanana na vitunguu alivyovibeba.

Kata kitunguu uone pete zake. Diski nayo ina tabaka 15 hadi 25 za nyuzi imara, moja imelalia kushoto, inayofuata kulia, kama mkeka uliosukwa vizuri. Ndani kabisa kuna ute mzito ambao, kwa kijana, zaidi ya robo tatu yake ni maji. Ajabu ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ila ukingoni. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye pingili za juu na chini yake. Mchana uzito wa mwili huikamua maji, usiku ukilala huyanywa tena. Ndiyo maana asubuhi unaamka mrefu kuliko ulivyolala, kwa sentimita moja au zaidi. Fundi cherehani hana habari.

Miaka ikienda, maji hupungua, diski hunywea, pete hupata nyufa. Hapo ndipo picha ya hospitali huleta lile neno linalotisha: pingili zimesagika. Mtu akishaambiwa hivyo hutembea kama aliyebeba trei la mayai. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski angalau moja iliyotuna. Kwa wengi, basi, mabadiliko haya ni mvi za mgongo. Maumivu ni ya kweli, simbezi mtu. Ila picha peke yake haiwezi kusema yanatoka wapi.

Ndoo ya maji nayo ina hesabu yake. Misuli inayoushikilia mgongo imekaa sentimita kama 5 tu nyuma ya katikati ya pingili. Ukiinama na kuinua ndoo ya kilo 20 iliyo sentimita 40 mbele yako, misuli hiyo hulazimika kuvuta kama kilo 160, na mvuto wote huishia kwenye diski. Ivute ndoo karibu na tumbo kwanza, hesabu inashuka.

Kiuno kikishakamata, wengi hujilaza kitandani wiki nzima. Misuli inalegea, mgongo unazidi kukaza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno, unataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kukandwa na dawa za kutuliza uvimbe (hizi kwa uangalifu, zinaweza kuumiza tumbo na figo). Mikanda ya kiuno ile inayouzwa kila stendi haikupendekezwa. Hata ute ukichomoka ukabana mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka hadi mguuni, wengi hupata nafuu katika wiki au miezi bila kisu, kwa kuwa mara nyingi mwili wenyewe hukitafuna kidogo kidogo kipande kilichochomoka.

Wapo wasiopaswa kusubiri. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika sehemu za siri, mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kiuno kinachouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda kinaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Mgonjwa mwenye dalili hizo haambiwi akafanye mazoezi. Anapimwa, na akikutwa nayo anaanzishiwa dawa, ambazo nchini hutolewa bure.