Sheng ilikubaliwa, akili tofauti bado zafichwa

MWANZONI mwa miaka ya 1990, vijana wengi wa Nairobi waliochipukia katika muziki wa kufoka waliiga Kiingereza cha Wamarekani. Wasanii wa Eastlands ndio waliougeuza mkondo huo. Waliamua kuimba kama walivyozungumza nyumbani, mtaani na ndani ya matatu.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Sheng, iliyokomaa katika mitaa kama vile Kaloleni, Bahati, Jericho na Pumwani, ililaumiwa kwa muda mrefu kuwa yawaangusha wanafunzi mitihani ya Kiswahili na Kiingereza. Aliyeitumia alihesabiwa kuwa mtu asiyejua lugha yoyote barabara.

Hata hivyo, mwishoni mwa muongo huo kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilivuma kwa wimbo "Tafsiri Hii". Jina la kundi lenyewe lilikuwa ungamo: wao ni watu waliokula mashaka.

Mwaka wa 2002 wakafuata Gidi Gidi Maji Maji na kibao "Unbwogable". Walitwaa neno la Kijaluo "bwogo", lenye maana ya kutisha, wakalivisha viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma, likawa sifa ya mtu asiyetishika. Muungano wa NARC uliutumia wimbo huo katika kampeni za uchaguzi wa Desemba mwaka huo, uliohitimisha utawala wa KANU wa miaka 39. Naye Jua Cali, mwimbaji wa genge, aliunganisha katika jina lake jua kali la mafundi na mtaa wa California ulio karibu na Eastleigh.

Kwa njia hiyo, kile kilichoitwa kasoro ya ulimi kiligeuka kuwa alama ya ubunifu. Ipo tofauti nyingine ambayo bado haijapata heshima hiyo, nayo ni ya ubongo.

Wataalamu wanaeleza kuwa si kila ubongo hufanya kazi kwa namna moja. Mwenye usonji huweza kutatizwa na kelele, mwanga au mabadiliko ya ghafla, na huwasiliana kwa njia yake. Mwenye disleksia hutatizika kusoma na kuandika ingawa hana upungufu wa akili. Mwenye hali iitwayo ADHD huona vigumu kutulia au kumakinikia jambo moja. Wenye ugonjwa wa Tourette hupatwa na mishtuko ya mwili au hutoa sauti bila kukusudia. Hali hizi huanza utotoni, haziambukizi, wala hazitokani na laana au malezi mabaya.

Wanamuziki kadhaa wa ng'ambo wameamua kuyasema haya wazi. Susan Boyle wa Scotland, aliyepata umaarufu mwaka wa 2009, alikua akiambiwa kuwa ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Mwaka wa 2013 alitangaza kuwa uchunguzi ulionyesha ana Asperger, hali iliyo katika kundi la usonji, na akakiri kuwa habari hiyo ilimpa faraja. Billie Eilish wa Marekani alifichua mwaka wa 2018 kuwa ana Tourette, baada ya watu kusambaza video za mishtuko yake. Mwenzake will.i.am ameeleza kuwa ana ADHD, na kwamba muziki humsaidia kuyapanga mawazo yanayomjia kwa kasi.

Umuhimu wa matamshi hayo si kwamba kila mwenye usonji ni nyota aliyejificha. Wengi hawana kipaji cha jukwaani, na baadhi huhitaji kusaidiwa maisha yao yote. Umuhimu wake ni kuwa mhusika mwenyewe ndiye aliyesema. Mwimbaji Sia wa Australia alikosolewa vikali mwaka wa 2021 na watu wenye usonji kwa kumpa mwigizaji asiye na hali hiyo nafasi ya msichana mwenye usonji katika filamu yake. Miaka miwili baadaye alitangaza kuwa naye yumo katika kundi hilo.

Kwa mzazi wa Dandora au Kayole, suala hili si la wasanii pekee. Nyumba ya chumba kimoja haina pembe tulivu ya kumtuliza mtoto anayeumizwa na kelele. Darasani anaweza kuitwa mjinga au mtundu, na majirani wakasema amerogwa. Jina likishamganda, msaada huchelewa, na mtoto mwenyewe huishia kuliamini.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 haikulipuuza jambo hilo. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria basi imekwisha kutambua kuwa neno huweza kujeruhi.

Wasanii wa Eastlands walilijua hilo mapema. Walipodharauliwa kwa usemi wao, hawakungoja wengine wawatafutie jina. Walijiita wenyewe, na taifa likaitikia. Mtoto anayefikiri tofauti na wenzake anastahili fursa iyo hiyo, awe atashika kipaza sauti siku moja au asikishike kamwe.